Sifuri ana jirani au hana?

Wadau, Jumatatu tuna test ya topolojia, kozi ambayo kaka zetu kadhaa wamediskia, kwa hiyo leo sina umbea wa hosteli. Kuna kipande kimoja tu kinachoninyima usingizi: [0, 1).

Kwenye mstari mzima wa namba hiki si seti wazi. Simama kwenye 0, jongea kushoto hata unywele mmoja, umeshatoka nje. Sasa ishi ndani ya [0, 1] peke yake. Kushoto kwa 0 hakuna kitu! Kipande kilekile kinakuwa wazi, maana ndicho unachopata ukikutanisha (-1, 1) na [0, 1]. Urithi wenyewe ndio huo: seti wazi za mkubwa, zikakatwa kwenye mpaka wako.

Ila sifa nyingine zina uchoyo. Ya Hausdorff, kwamba nukta mbili tofauti hutenganishwa na seti wazi mbili zisizo na nukta ya pamoja, inashuka kwa kila mtoto. Ukompakti je? [0, 1] anao. Ng'oa ncha zake mbili, haupo tena. Ni seti funge tu ndani yake zinazourithi. Jamani, utadhani kikao cha ukoo baada ya arobaini.

Mwenye pasti pepa anigongee, chai ipo.