Zambarau kwenye Kioo cha Nyuma

Kijana anayepeleka gari kuwekwa tinti siku hizi huuliza jambo moja tu: asilimia ngapi? Akiambiwa tano, yaani mwanga unaopita ni asilimia 5 tu, huridhika, maana ameaminishwa kwamba kioo kikiwa cheusi zaidi ndipo gari hupoa zaidi. Si kweli, na imani hiyo imeua ufundi uliokuwa na heshima yake.

Nauzungumzia ufundi wa enzi za Toyota Mark II; zile za umbo lililotoka Japani mwaka 1992 zilitufikia Dar es Salaam zikiwa zimeshatumika, kwa hiyo tuseme ni miaka ya tisini mwishoni. Mwaka wenyewe si hoja. Hoja ni mkono wa fundi. Kioo kilioshwa, kikakwanguliwa kwa wembe, kikaoshwa tena. Maji yalitiwa matone ya shampuu ili karatasi iteleze kabla ya kushika. Kioo cha nyuma kina mbinuko, hivyo karatasi ilitandazwa kwanza kwa nje, ikapulizwa hewa ya moto mpaka ikasinyaa na kulifuata umbo, ndipo ikabandikwa ndani, maji yakisukumwa kwa mpira kutoka katikati kwenda pembeni. Harufu ya shampuu na plastiki ya moto ilijaa gereji nzima. Mwenye gari alionywa: usishushe vioo siku tatu. Leo kazi hiyo hufanywa barabarani, vumbi likipeperuka, na mapovu hubaki humo humo.

Karibu nusu ya nishati ya jua huja kwa miale tusiyoiona. Weusi wa rangi hupunguza zaidi ile tunayoiona, na karatasi ya rangi tupu hunyonya joto, kioo kikapata moto na kuurudisha ndani. Karatasi ya seramiki iliyo angavu inaweza kuizidi ile nyeusi ya bei rahisi kwa kuzuia joto. Zilikuja za metali zikasumbua mawimbi ya simu, kisha kaboni, kisha hizo seramiki, na bado swali ni asilimia ngapi.

Wapo wanaosema giza ni kinga ya vibaka kwenye foleni. Hoja hiyo ina uzito, kwa kuwa kibaka asiyeona mkoba havutiwi nao. Lakini akishavunja kioo, kinachomchelewesha ni karatasi nene ya usalama inayoshikilia vipande visianguke, nayo hupatikana bila rangi. Na usiku giza hilo hilo humzuia dereva kuiona bodaboda isiyo na taa.

Rangi ya bei rahisi huungua kwa jua ikageuka zambarau, mapovu yakavimba. Trafiki akisimamisha gari na kuikataa tinti, hubanduliwa hapo hapo kwa wembe, na wembe wa haraka hukata nyuzi nyembamba za kuondoa ukungu zilizochorwa kwenye kioo cha nyuma. Masika yakiingia, dereva anafuta kioo hicho kwa kitambaa.