Salongo, munkoyo na kazi ya bure

Wazee walisema kidole kimoja hakivunji chawa. Sisi vijana wa Tenke tunaijua methali hiyo, lakini tuna swali letu juu yake: vidole hivyo vingine, nani atavilipa?

Kwetu, kijana akisema anaenda kujitolea, watu hawamuulizi anaenda wapi wala kufanya nini. Wanamuuliza: "Banakulipa ngapi?" Ukijibu kwamba hulipwi kitu wanacheka, kisha wanakuuliza tena kwa sauti ya chini, kama vile unaficha jambo. Nimeulizwa hivyo na majirani, na mdogo wangu, hata na mama. Aliyejibu tofauti alikuwa babu peke yake, ambaye sisi tulimwita nkambo. Kwa hiyo naanza na yeye.

Ndugu msomaji, labda hujafika Tenke. Ni mji mdogo wa reli katika Lualaba. Hapo ndipo njia ya gari-moshi inayotoka Dilolo, mpakani na Angola, inakutana na ile inayotoka Lubumbashi kwenda Kamina. Njia ya Dilolo ilimalizika mwaka 1931, na nkambo alitumika miaka mingi kwenye reli hiyo. Siku hizi jina letu linajulikana kwa shaba na kobalti. Mgodi wa Tenke Fungurume ulianza kutoa shaba mwaka 2009, na mwaka 2016 Wachina wa kampuni ya CMOC walinunua sehemu kubwa ya hisa zake kwa Wamarekani. Vijana wachache wanapata kazi ya kampuni. Wengine wengi wanachimba kwa mikono, ndio tunaowaita bakrezeri. Mahali ambapo mtu anaweza kupata makuta kwa siku moja, au kufia shimoni siku hiyohiyo, kazi ya bure inaonekana ujinga.

Nkambo alisema kazi ya bure ni za namna mbili, na mtu asizichanganye.

Ya kwanza ni ya shamba. Mwenye shamba anatangaza siku yake. Mke wake anatengeneza munkoyo kwa unga wa mahindi na mizizi, anauacha uchachuke kidogo. Asubuhi watu wanafika na majembe, wanalima wakiimba, na jioni wanakunywa munkoyo na kula bukari. Hakuna anayeandika majina, lakini hakuna anayesahau nani alikuja. Juma lingine ni zamu ya shamba la mwingine. Mjane asiye na kitu cha kupika alilimiwa pia. Na mvivu je? Hakupigwa wala hakutozwa faini. Ila siku yake ilipofika, watu walichelewa sana kuamka.

Ya pili ni ya kulazimishwa. Wakati wa Wabelgiji, sheria ya mwaka 1917 iliruhusu wanakijiji walazimishwe kulima mazao yaliyochaguliwa na serikali, hadi siku 60 kwa mwaka. Kisha nchi ikawa Zaire, na katika miaka ya 1970 ikaja salongo ya Mobutu. Siku ya salongo kila mtu alitoka na panga na ufagio, na watu wa chama cha MPR wakiangalia nani hayupo.

"Kazi yenyewe haikuwa mubaya," nkambo alituambia. "Mufereji ulikuwa wetu. Lakini tulifagia barabara juu mukubwa apite."

Nikamuuliza tofauti iko wapi, maana jembe ni lilelile na jasho ni lilelile. Akanijibu kwa maneno machache: "Mu shamba ya mwenzangu, naweza kukatala."

Jibu hilo sikulielewa mpaka mwaka 2018.

Mvua za Novemba mwaka ule zilibeba kidaraja cha miti tulichokuwa tunapita kwenda shule. Watoto wadogo walivuka maji wakiwa wameshikana mikono, na siku moja mtoto wa kike aliponyoka. Alikamatwa na mwanamke aliyekuwa anafua nguo. Jumapili ile, baada ya misa, sisi vijana tulikubaliana kujenga upya. Vijana wa Kimetodisti wakasikia wakaja, na wa Garenganze vilevile. Tuliomba miti, tukabeba mawe, tukafanya kazi Jumamosi tatu. Jumamosi ya kwanza mdogo wangu alitucheka. Ya pili alikuja na kamba yake ya kushukia shimoni, kwa sababu aliona tunafunga magogo vibaya. Na akina mama walileta munkoyo, bila mtu kuwaomba.

Jambo lingine lilinigusa zaidi. Tulikuwa pamoja watoto wa Basanga na watoto wa watu waliotoka Kasai. Katika miaka ya 1992 na 1993, kabla sijazaliwa, watu wenye asili ya Kasai walifukuzwa Katanga. Maelfu walilala kwenye stesheni za Likasi na Kolwezi wakingoja gari-moshi, na wengi walikufa. Nkambo, mtu wa reli, hakupenda kuzungumza habari hiyo. Alisema tu kwamba waliofukuza na waliofukuzwa walikuwa wakisali katika kanisa moja. Toka hapo sipendi mtu anaponiambia kwamba imani inatosha kutuunganisha. Imani bila jembe la pamoja inaweza kulala Jumapili jioni na isiamke Jumatatu.

Daraja likaisha. Kampeni za uchaguzi zilikuwa zimeanza, na haikupita siku nyingi, mwanasiasa mmoja akatuma watu. Walileta tisheti, magunia ya unga, na kitambaa kikubwa chenye picha yake tukitundike darajani. Mimi nilikuwa katibu wa vijana. Nitasema ukweli: nilitaka tukubali. Waliniahidi kazi, na nilikuwa nimeshahesabu mshahara kichwani. Tukafanya kikao. Wengine wakasema unga ni unga. Ndipo akasimama mjane mmoja ambaye wajukuu wake wanapita pale kila siku.

"Mulijenga hii daraja juu ya batoto," akasema. "Huyu naye iko mutoto ya nani?"

Watu wakacheka mpaka wakalia, na kitambaa kikarudi. Unga haukurudi wote, maana magunia mawili yalikuwa yameshafunguliwa. Aibu hiyo ninayo mpaka leo. Lakini siku ile nilimwelewa nkambo. Tungetundika kile kitambaa, Jumamosi zetu tatu zingegeuka salongo, tena salongo ya mtu ambaye hakubeba hata jiwe moja.

Baada ya hapo nilijiandikisha kuwa mwangalizi wa uchaguzi wa Kanisa Katoliki. Maaskofu walitafuta waangalizi wapatao 40,000 katika nchi nzima. Tarehe 30 Desemba 2018 nilikaa katika darasa la shule ya msingi toka giza la asubuhi mpaka usiku, nikiandika saa, hesabu na majina ya karatasi. Njaa ilinishika, usingizi ulinishika. Mwezi wa Januari maaskofu walisema matokeo yaliyotangazwa hayalingani na yale waangalizi wao waliyokusanya. Hakuna kilichobadilika. Nilirudi kwa nkambo na hasira, nikamwambia nimepoteza usiku wangu bure.

"Uliandika mambo uliona?"

"Niliandika."

"Basi hakuna mutu atakuambia hukuona."

Mdogo wangu ana hoja yake, na ni hoja ya kweli. Anasema tukijenga daraja kwa mikono yetu, tunawasamehe wenye deni. Sheria ya migodi iliyorekebishwa mwaka 2018 inasema asilimia 15 ya mrabaha wa madini iende kwa mamlaka za mahali madini yanapochimbwa, na kampuni itoe angalau asilimia 0.3 ya mapato ya mauzo yake kwa maendeleo ya wakaaji. Daraja la watoto lingetoka humo. Sikuwa na la kumjibu, nikakubali. Tangu hapo daftari la vijana wetu lina pande mbili. Upande mmoja tunaandika kazi tuliyofanya. Upande mwingine, mambo tuliyokwenda kuuliza, tarehe, na jibu tulilopewa. Upande wa pili una nafasi nyingi tupu, lakini hatuuchani. Kumsaidia jirani na kudai haki yake, mimi naona ni kujitolea kulekule. Mtu anayefanya la kwanza na kuogopa la pili anaweza kujikuta anafagia barabara ya mukubwa.

Nkambo alitutoka wakati wa baridi, mwezi wa saba, udongo ukiwa mgumu kama tofali. Tulikuwa na wasiwasi wa kaburi, maana watu wa kuchimba wanataka pesa na nyumbani hazikuwapo. Alfajiri nilisikia sauti nje. Walikuwa bakrezeri tisa, marafiki wa mdogo wangu, na sururu zao na taa za kichwani. Mmoja alikuwa mtoto wa Kasai aliyebeba mawe nasi darajani. Walichimba mpaka jua likapanda. Mama alipotoka na pesa kidogo alizokopa kwa jirani, mkubwa wao alirudisha mikono nyuma.

"Hapana, mama," akasema. "Hii hatulipwe."

Mama akaingia ndani, akatoa munkoyo, nao wakakaa chini wakanywa.