Agizo na Tendo: Kupanga Madirisha ya Kompyuta kwa Lugha ya Lisp

Katika makala haya twakusudia kuwaeleza walimu wanafunzi zoezi moja lisilokuwamo katika muhtasari wa somo la TEHAMA, nalo ni kuandika kanuni za kupanga madirisha ya kompyuta kwa lugha ya Lisp. Zoezi hili tumeliendesha kwa mihula mitatu na wanachuo wa mwaka wa pili hapa Kasulu, na baadhi yao wamekwisha kwenda mazoezi ya kufundisha katika shule za msingi za Kibondo. Mkufunzi mwenzetu alituuliza waziwazi katika kikao cha idara: ya nini kumchosha mwalimu wa shule ya msingi kwa jambo kama hili, ilhali shule atakayopangiwa huenda haina kompyuta hata moja? Swali hilo ni la haki, na ndilo lililotusukuma kushika kalamu.

Nchi yetu haikuikaribisha kompyuta kwa haraka. Mwaka 1974 serikali ilipiga marufuku uingizaji wake, na marufuku hiyo ilikuja kulegezwa miaka mingi baadaye. Vyuo vya ualimu vya serikali vilianza kupata kompyuta kwa mpango uliosaidiwa na Sweden kuanzia mwaka 2005. Huku kwetu nyanda za juu za Kigoma umeme ulitegemea mitambo ya dizeli hadi gridi ya Taifa ilipofika katika miaka ya 2020. Kwa hiyo mwanachuo atokaye kijijini, hata kama anayo simu ya kupangusa mkononi, aghalabu hukutana na kibodi kwa mara ya kwanza akiwa mtu mzima, mbele ya wenzake walioizoea mjini. Hukaa nyuma. Mwenzake hushika kipanya, yeye hutazama tu, na muhula hupita hivyo. Mwanachuo wa namna hii ndiye tuliyekuwa naye akilini tulipoanza.

Kompyuta ya kawaida huyaacha madirisha yalaliane, moja juu ya jingine, mfano wa karatasi za mtihani zilizomwagwa mezani. Mwanachuo akifungua azimio la kazi, kisha andalio la somo, la kwanza hutoweka chini ya la pili, naye hudhani limepotea. Programu zipangazo madirisha kwa mtindo wa vigae hufuata njia nyingine. Kioo chote hugawanywa vipande visivyoingiliana, kama shamba lililotengwa baina ya maharage, mahindi na muhogo, na kila dirisha hukijaza kipande lilichopewa. Kila kipande twakiita kigae. Azimio huonekana kushoto, andalio kulia, na jicho husafiri kutoka moja hadi jingine pasipo mkono kufanya kazi yoyote.

Programu tuliyoichagua huitwa StumpWM, nayo hutumika katika Linux. Mwanzilishi wake, Shawn Betts, alikuwa ameandika kabla yake programu ya aina hiyohiyo aliyoiita Ratpoison, yaani sumu ya panya, kwa kuwa iliundwa ili mtu aendeshe kila kitu kwa vitufe bila kugusa kipanya. Jina hilo liliwachekesha sana wanachuo, maana katika chumba chetu vipanya ndivyo vifavyo mapema kuliko vifaa vyote. StumpWM hupatikana bila malipo. Tena imeandikwa kwa Lisp, na hupokea maagizo kwa Lisp hiyohiyo hata ikiwa kazini: unaandika kanuni mpya, nayo huanza kuitii papo hapo pasipo kuzimwa wala kuwashwa upya.

Lisp yenyewe ni lugha kongwe. John McCarthy aliianzisha nchini Marekani mwaka 1958. Walimu wa shule za msingi wanayo sababu ya kuijua, kwani Logo, lugha ya watoto ya kuchora kwa kumwagiza kasa, ni ya ukoo huo. Logo ilitungwa mwaka 1967 na Wallace Feurzeig, Seymour Papert na Cynthia Solomon. Papert alizaliwa Afrika Kusini, na kabla ya hapo alikuwa amefanya kazi Geneva pamoja na Jean Piaget, ambaye kila mwanachuo amekutana naye katika saikolojia ya elimu. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 Logo ilijaribiwa pia katika shule za Dakar, Senegal.

Tulianzia nje ya chumba cha kompyuta, kwenye ardhi. Kila mwanachuo amefundishwa utotoni MAGAZIJUTO: mabano kwanza, kisha kugawanya, kuzidisha, kujumlisha na kutoa. Katika Lisp, MA peke yake yatosha. Mahali ambapo ubaoni tungeandika 2 + 3 × 4, mwandishi wa Lisp huandika (+ 2 (* 3 4)), na hakuna haja ya kukumbuka kipi kitangulie, kwa sababu mabano yamekwisha kusema. Alama ya tendo hukaa mbele, vitu vya kutendwa hufuata, ndivyo asemavyo mwalimu darasani anaposema, “Zidisha tatu kwa nne.” Tulichora duara ndani ya duara kwa chaki, mwanachuo mmoja akasimama katika kila duara. Wa ndani alizidisha, akampa jibu wa nje, wa nje akajumlisha akatangaza 14. Wale waliokuwa wakikaa nyuma katika chumba cha kompyuta walisimama katikati ya duara bila kusita, maana hapa palikuwa na hesabu tu, nayo waliijua.

Hatua iliyofuata ilihusu maneno. Mwaka 2004 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, katika mradi wa Kilinux, walitoa programu ya ofisi ya OpenOffice kwa Kiswahili, wakaiita Jambo OpenOffice. Ilikuwa kazi kubwa, lakini ilikuwa kazi ya kutafsiri maneno yaliyowekwa na wengine. Lisp humruhusu mtumiaji kuiongezea lugha maneno yake mwenyewe, na hata miundo mipya ya sentensi, kisha mashine huyapokea kama kwamba yalikuwamo tangu asili. Tuliandaa maneno machache ya kuanzia: agizo, gawa-wima, fungua, hamia-kulia. Kwa maneno hayo mwanachuo mmoja, binti kutoka vijiji vya Kibondo, aliandika hivi:

(agizo andalio
  (gawa-wima)
  (fungua "azimio")
  (hamia-kulia)
  (fungua "andalio"))

Hakuna mwanachuo aliyehitaji kutafsiriwa maandishi haya. Gawa kioo kwa wima, fungua azimio upande wa kushoto tulipo, hamia kulia, fungua andalio. Alibonyeza kitufe alichokiteua. Kioo kiligawanyika sawasawa, lakini madirisha yote mawili yalitua upande wa kulia, moja likilifunika jingine, na upande wa kushoto ukabaki mtupu.

Akayakagua mabano, akayakuta timamu. Akasoma mfuatano wa hatua, nao haukuwa na kasoro. Wenzake waliamua kwamba mashine ni mbovu, neno ambalo husemwa upesi sana katika chumba chetu. Tuliwaomba waliigize. Meza mbili ziliwekwa, ya kushoto na ya kulia. Mwanachuo mmoja alisoma maagizo; wa pili alikuwa fungua, na kazi yake ilikuwa kwenda kabatini kuleta daftari; wa tatu alisimama kando ya meza ipi ndiyo inayoshughulikiwa. Msomaji akasema, “Fungua azimio,” na mletaji akaondoka. Msomaji hakungoja, akasema, “Hamia kulia,” na yule wa tatu akahama. Mletaji aliporudi na daftari la azimio aliuliza aliweke wapi, na darasa zima likamwonyesha meza ya kulia, kwa kuwa ndipo aliposimama mwenzake. Binti yule akasema, “Kumbe nimeagiza, sijasubiri.”

Ndivyo ilivyo ndani ya mashine. Agizo la kufungua hukabidhiwa mahali pengine, na StumpWM huendelea na agizo linalofuata mara moja. Dirisha lichelewalo huja na kukaa mahali shughuli ilipo wakati huo. Mwalimu asemaye, “Fungueni kitabu ukurasa wa 20,” kisha akaanza kusoma, hufanya jambo hilohilo. Watoto wa mstari wa mbele wamekwisha fungua. Wa nyuma, wanaotumia kitabu kimoja watatu au wanne, bado wanatafuta, na wapatapo ukurasa mwalimu yuko aya ya tatu. Mwalimu huyo akiulizwa atasema kwa unyofu kwamba aliagiza.

Dawa ya kwanza waliyoipendekeza wanachuo ilikuwa kuongeza kituo: StumpWM ilale sekunde mbili, kisha ihamie kulia. Wakajaribu, na mambo yakawa yaleyale. Hapa tulitumia kipindi kizima, na hatukijutii. Anayeyapokea madirisha na kuyapa mahali ni StumpWM yenyewe. Ikilala, hakuna wa kumpokea mgeni anayebisha hodi, naye hungoja mlangoni hadi iamke, na iamkapo jambo la kwanza ni kumaliza agizo lililobaki. Kuna walimu pia ambao hungoja kwa namna hiyo, wakitazama nje ya dirisha au wakisahihisha madaftari, kisha wakaendelea bila kujua nani yuko tayari.

Dawa iliyofaa ilikuwa ya namna nyingine. StumpWM hukubali kanuni ya kudumu isemayo kwamba dirisha lenye jina fulani makao yake ni kigae fulani. Azimio ni la kushoto, lije mapema au lichelewe. Andalio ni la kulia. Wanachuo waliandika kanuni mbili za namna hiyo, na tangu siku hiyo utangulizi na uchelewaji haukuwasumbua tena. Walielewa pia, bila sisi kuwahubiria, kwamba yako maagizo yanayotegemea zamu, na ziko kanuni zinazotegemea mahali, na kwamba darasa kubwa haliwezi kuongozwa kwa zamu peke yake.

Tulimwona mwanachuo huyo baadaye katika darasa la tatu huko Kibondo, akifundisha kugawanya kwa vihesabio vya mbegu za maharage. Wanafunzi walikuwa wengi kuliko madawati. Kila kundi lilikuwa na kopo lake, na kila kopo mahali pake ukutani, pamechorwa alama ambayo hata mtoto asiyesoma vizuri aliitambua. Watoto waliorudi mapema kutoka mapumzikoni walichukua makopo yao. Waliochelewa walichukua yao. Yeye alisimama mlangoni akiwatazama, akanena agizo la kwanza pale mikono yote ilipokuwa juu ya mbegu. Hatudai kwamba Lisp ndiyo iliyomfundisha hayo. Wako walimu wakongwe wilayani humo wafanyao hivyo tangu zamani, na kompyuta hawajaigusa. Lakini katika andalio lake la somo, kwenye safu ya kazi za mwalimu, tulikuta kila hatua ikifuatwa na maneno mafupi: “ngoja mpaka...”, na baada yake ishara ya kuangalia. Mwanachuo wa mwaka wa pili haandiki hivyo kwa kawaida. Huandika atakachosema yeye, basi.

Kwa hiyo jibu letu kwa mwenzetu wa kikaoni ni kwamba zoezi hili halimfundishi mwanachuo kazi ya kompyuta tu. Mashine humtii kwa ukamilifu, na kwa kumtii humwonyesha upungufu ambao wanafunzi, kwa adabu zao, wangemfichia. Hata hivyo yapo magumu yasiyofaa kufichwa. Ujumbe wa makosa hutoka kwa Kiingereza, tena kirefu. Imetubidi kubandika ukutani orodha ya ule utokeao mara kwa mara pamoja na maana yake. Bano moja likisahauliwa, faili zima la kanuni linaweza kukataliwa, na mwanachuo mwoga hukata tamaa hapo. Tumewapanga wawili wawili: mmoja huandika, mwenziwe husoma kwa sauti akihesabu mabano kwa vidole, kisha hubadilishana kila baada ya kanuni moja, ili kibodi isibaki kwa mmoja. Nakala ya faili linalofanya kazi huhifadhiwa kabla ya kubadili lolote. Na umeme ukikatika, chaki na duara zipo.

Muhula huu wanachuo wanataka kuongeza kigae cha tatu kwa ajili ya tathmini ya somo. Vioo vyetu ni vidogo, na maandishi yatabanana. Kundi moja lasema upande wa kulia ugawanywe kwa ulalo, andalio juu na tathmini chini. Kundi jingine lasema tathmini ikae nyuma ya andalio, iitwe kwa kitufe wakati wake. Tumewaagiza kila kundi lichore pendekezo lake kwenye karatasi na kuliigiza kwa meza tatu kabla ya Jumatatu, maana hiyo ndiyo zamu yetu ya chumba cha kompyuta.