Vita Vyetu na Kunguru

Ninyi mnaoishi bara huenda mkadhani natia chumvi. Lakini sisi wa Dar es Salaam tunamjua kunguru: yule mweusi mwenye shingo ya kijivu, asiyeogopa mtu wala gari. Si ndege wa kwetu. Aliletwa Unguja kutoka India mwishoni mwa karne ya 19 ili ale takataka za mji. Takataka hazikwisha, ila kunguru walizaliana na kuenea. Mombasa walionekana mwaka 1947, na sasa wamejaa pwani.

Mimi ni karani katika shule moja ya msingi. Jiko letu lilikuwa banda la bati lililo wazi pande mbili, chini ya mwembe mkubwa. Kila Alhamisi watoto hula wali kwa nyama, na kila Alhamisi nyama ilipungua. Mpishi wetu, mama mjane mwenye watoto watatu, alipimiwa kilo 10 asubuhi. Mchana vipande havikutosha.

"Ni kunguru," alisema.

"Mama Mpishi, kunguru hao wana kalenda?" mhasibu alimjibu. Akampa barua ya onyo. Ya pili ingekuwa ya kumwachisha kazi. Barua hiyo niliichapa mimi, kwa vidole vizito.

Basi sisi akina mama wa shule tukaanza vita. Kwanza tulitengeneza sanamu la makuti, tukalivika koti kuukuu la Mwalimu Mkuu. Siku ya kwanza kunguru walikaa mbali. Siku ya pili mmoja alitua begani. Siku ya tatu walikuwa wanne, na mabega ya koti yalikuwa yamegeuka meupe. Watoto walipoanza kulisalimu sanamu "Shikamoo, Mwalimu," mwenyewe aliomba koti lake.

Mwalimu mmoja akaleta utepe wa kaseti mbovu. Ukiufunga kwenye waya, upepo huuchezesha, hung'aa na kuvuma. Ulifaa kwa siku mbili tu. Kisha waya zenyewe zikaanza kutoweka, na tulipotazama juu ya mwembe tukaziona: wamejengea kiota! (Kunguru huyu hupenda sana waya katika ujenzi wake. Fundi kweli kweli.)

Mlinzi naye akaleta manati. Lo! Akiinama tu kuokota jiwe, wote wako juu ya paa. Na walimshika sura. Hata alipokuja mikono mitupu walimpigia kelele tangu getini, wakimshukia kichwani, mpaka akawa anaingia kazini na mwavuli jua likiwaka.

Kuna aliyeshauri sumu. Mpishi akakataa katakata. Watoto wadogo huokota kila kitu, alisema, na afadhali yeye akose kazi. Halafu akacheka: "Kunguru wa nabii Eliya walileta mkate na nyama. Hawa wetu habari hiyo wameisoma kinyumenyume."

Alhamisi iliyofuata mhasibu alikuja mwenyewe kulinda. Aliketi kwenye kigoda, daftari gotini, chapati yake ya chai mkononi, na sinia la nyama mbele yake limefunikwa kwa kawa. Kunguru mmoja akatua mlangoni, akarukaruka akilia. Mhasibu akainuka: "Shii! Shii!" Kufumba na kufumbua, wawili wakaingia kwa nyuma, wakaisukuma kawa, kila mmoja akaondoka na pande lake. Alipogeuka kuwafukuza, yule wa mlangoni akamnyakua chapati.

Sisi tuliokuwa dirishani tulijiziba vinywa kwa khanga. Mpishi hakucheka. Alimimina chai nyingine, akampa kwa mikono miwili, akasema, "Pole, Bwana Mhasibu. Vipande viwili, uandike."

Barua ya onyo ilitolewa jaladani siku ile ile, na niliichana mimi. Fedha za wavu wa waya, ambazo mpishi alikuwa ameziomba tangu mwaka uliotangulia, zilipatikana wiki hiyo. Tukaziba pande zote mbili, tukanunua mapipa yenye vifuniko, na makombo yakawa yanafukiwa kabla ya kengele ya mchana. Wengi wao wamehamia sokoni. Waliobaki hukaa mwembeni wakitutazama, na mlinzi bado anatembea na mwavuli wake.