Nguo ya Kukimbilia

Enyi wanafunzi, kila mmoja wenu amevaa nguo, lakini ni wachache waliopata kujiuliza kwa nini nguo moja humkaa mtu vema, na nyingine humtaabisha mchana kutwa. Leo nataka kuwapa habari za nguo moja ndogo, ile iitwayo taiti, ambayo wasichana wetu huivaa chini ya sketi wakati wa mbio na michezo, wapate kuruka na kuinama bila ya haya. Kwa macho ni nguo isiyo na makuu: haina vifungo, haina mifuko, haina kola. Walakini katika miaka yangu yote ya kufundisha kazi za mikono, sijaona nguo ipimayo akili ya mshonaji kuipita hiyo. Kanzu ikizidi upana kidogo, hapana mtu atakayejua. Taiti hulala juu ya ngozi yenyewe, na kila kosa la mkasi huonekana.

Nalianza kuishughulikia kazi hii kwa ajili ya msichana mmoja wa darasa la 6. Mtoto huyo alikuwa na mbio sana, hata wavulana walimjua. Mara akaacha kuja uwanjani. Nalipomwita na kumwuliza, aliinamisha uso akasema, "Mwalimu, nguo yaniaibisha." Taiti yake ilinunuliwa katika mitumba. Kila alipoinama kwenye mstari wa kuanzia, kiuno cha nyuma kilishuka. Na kila alipokimbia, ilimpasa kuishika kwa mkono mmoja. Wenzake wakacheka. Kisha akaongeza neno lililoniuma: "Mwili wangu ndio mbaya, Mwalimu. Wengine nguo zawatosha."

Neno lile si kweli, na ndilo lililonitia hima. Nguo ya dukani hukatwa kwa vipimo vya mtu wa wastani, yaani mtu wa kukadiriwa tu, ambaye huenda humkuti popote. Mmoja ana kiuno chembamba na nyonga pana. Mwingine ana mapaja yenye nguvu kwa kupanda mlima kila siku aendapo shule. Mwingine ana miguu mirefu na kiwiliwili kifupi. Wote ni wazima. Wazee husema kwamba nguo ya kuazima haisitiri. Nami naona hata iliyonunuliwa kwa fedha huwa kama ya kuazima, ikiwa imekatwa kwa kipimo cha mwingine. Basi nikamwambia, "Mwanangu, njoo Jumamosi pamoja na wenzako, tushone."

Kwanza sharti mjue kitambaa. Kanga imefumwa kwa nyuzi zinazopishana, nayo haivutiki ila kidogo. Fulana imefumwa kwa vitanzi, kitanzi ndani ya kitanzi, na kwa hiyo yavutika. Kitambaa cha taiti hufumwa kwa vitanzi vilevile, tena hutiwa uzi mwingine uitwao spandeksi. Uzi huo ulivumbuliwa mwaka 1958 na Joseph Shivers, mtaalamu wa kemia wa kampuni ya DuPont, huko Virginia, Marekani. Waweza kuvutwa yapata mara tano ya urefu wake, kisha ukarudi kama ulivyokuwa. Huchanganywa kidogo tu na nailoni au poliesta, na kidogo hicho chatosha.

Usinunue kitambaa hicho kabla ya kukijaribu. Weka alama mbili zenye nafasi ya sentimita 10, ukivute juu ya rula. Kikifika 15, chavutika kwa nusu ya urefu wake, nacho chafaa. Sasa kiachie. Kikirudi 10, ni chema. Kikibaki 11, kiache, kwa kuwa magoti ya nguo yatalegea upesi na kufanya vifuko. Kisha kitandaze juu ya ukurasa wa kitabu, ukivute. Ukiweza kusoma herufi kwa kupitia kitambaa, ujue kwamba macho ya watu nayo yatasoma. Mwisho, angalia ni upande gani unaovutika zaidi. Upande huo ndio utakaouzunguka mwili.

Baada ya hayo twapima: kiuno, nyonga, paja, goti, kifundo cha mguu, na urefu wa mguu. Kipimo cha mwisho wengi hukisahau, nacho ni cha kutoka kiuno cha mbele, kupita katikati ya miguu, hata kiuno cha nyuma. Wasichana wetu walipimana wawili wawili, kila mmoja akaandika tarakimu zake katika daftari lake mwenyewe. Nalikataza mtu kusoma kwa sauti vipimo vya mwenziwe.

Hapa hesabu yaingia. Kanzu hukatwa pana kuliko mwili, lakini taiti hukatwa nyembamba kuliko mwili, ili kitambaa kivutike kidogo na kushika. Kwa kitambaa kama hicho nilichokitaja, twapunguza kama sehemu moja ya kumi. Msichana wetu alikuwa na nyonga za sentimita 80. Sehemu ya kumi ni 8, zikabaki 72. Kila mguu ni kipande kimoja, basi kila kipande kikapata 36, tukaongeza 1 kila upande kwa ajili ya mshono, zikawa 38. Alinitazama kwa mashaka, akasema, "Mwalimu, sitaingia." Akaingia.

Sindano nayo ina siri yake. Sindano kali huweza kukata vitanzi na kuacha matundu. Itumike ile yenye ncha iliyoviringwa, ambayo huvisukuma vitanzi na kupita katikati yake. Na mshono usinyooke, bali uende kama meno ya msumeno, upate kuvutika pamoja na nguo. Mmoja wa wasichana alishona kwa mshono ulionyoka. Alipochuchumaa mara ya kwanza, uzi ukaalika, na wote wakasikia. Cherehani nyingi za kukanyaga hazina mshono mwingine. Ukiwa na cherehani ya namna hiyo, shona kwa hatua fupi, huku ukikivuta kitambaa kidogo kwa mikono miwili, mbele na nyuma ya sindano.

Hatukukata kitambaa kizuri mara moja. Tulichukua kwanza kitambaa cha bei rahisi, chenye kuvutika sawasawa na kile, tukapiga bandi, kila mmoja akavaa. Hapo ndipo kazi yenyewe ilipoanza. Nguo ikikaa vibaya hufanya makunyanzi, na makunyanzi huelekeza kidole mahali penye shida. Asiyeyasoma atakata ovyo, na kitambaa kikikatwa hakiungiki kikawa kama kwanza.

Makunyanzi yaliyolala kukata nyonga maana yake pale panabana. Ongeza sentimita moja kila mguu, ujaribu tena. Mikunjo iliyorundikana nyuma ya goti au juu ya kifundo maana yake mguu wa nguo ni mrefu mno. Punguza urefu, wala usiguse upana. Mshono wa ndani ya mguu ukizunguka na kuja mbele ya muundi, kitambaa kilikatwa mshazari. Hilo halina dawa ila kukata upya kwa kufuata mstari wa vitanzi. Kiuno kikijikunja kwa nje, mpira wake ni mwembamba au ni mrefu. Kwa kiuno cha sentimita 65, mpira wa kama sentimita 58 watosha.

Nguo ya msichana wetu ilionyesha makunyanzi kama miale ya jua, yakitoka katikati ya miguu na kupanda juu. Nalimwambia ainame kama mtu anayetaka kuanza mbio, na kiuno cha nyuma kikashuka vilevile kama kile cha mtumba. Wenzake hawakucheka safari hii. Walikuja karibu wakatazama. Mmoja wao akachukua utepe wa kupimia, akalinganisha, akapaza sauti: "Mwalimu, nguo ni fupi huku nyuma!" Ndivyo ilivyokuwa. Kipimo kile kinachosahauliwa ndicho kilichopungua. Tukapandisha kiuno cha nyuma kwa sentimita 3, tukiteremka polepole hata mbele pasiongezeke kitu.

Miale ikapungua, lakini haikwisha. Nikawaambia waende wakaitazame kanzu iliyoshonwa na fundi wa pwani. Chini ya mkono kuna kipande kidogo cha pembe, kiitwacho kikwapa, ambacho humwezesha mvaaji kuinua mkono bila ya kupasua mshono. Tukakata kipande cha namna hiyo, chenye umbo la kishada, tukakitia mahali inapokutana mishono minne katikati ya miguu. Alipoivaa tena akainama, akachuchumaa, akainua goti mpaka kifuani. Nguo haikusogea.

Katika mashindano ya muhula ule hakuwa wa kwanza. Alikuwa wa tatu. Lakini alikimbia mikono yake yote miwili ikipunga hewa, na mimi nikaona hiyo yatosha.

Tangu wakati huo tumeweka desturi mbili. Ya kwanza, tunapima upya kila muhula, maana mtoto hukua, na nguo ya Januari yaweza kumkataa mtu mwezi wa Julai pasipo yeye kukosa neno lo lote. Ya pili, tunaporekebisha nguo, tunabadili jambo moja tu, kisha tunaivaa na kuitazama, ndipo tunapobadili la pili. Ukibadili mambo matatu kwa pamoja, hutajua ni lipi lililoponya na ni lipi lililoharibu.

Nanyi wavulana mnaosoma haya, msidhani kwamba si yenu. Mafundi cherehani wengi mjini ni wanaume, na bukta ya mpira nayo hubana na kushuka. Siku nguo itakapomkataa ndugu yako, usimcheke. Mwambie asimame, ayatazame makunyanzi yanaelekea wapi, kisha mchukue utepe mpime pamoja.