Malakiti ya Kambove: sanaa ao kazi ya mikono?

Tulipotayarisha maonyesho ya shirika letu hapa Kambove, tulitundika picha za rangi ukutani, ndani ya chumba. Wachonga malakiti tuliwapatia meza inje, karibu na wafuma vikapo. Hakuna mtu aliyeamuru. Tulifanya tu vile tumezoea kuona. Mzee mumoja alipanga mawe yake, kisha akatuuliza: « Juu ya nini miye niko inje? » Tulikosa jibu.

Katika Kiswahili chetu, anayeshona nguo ni fundi, anayejenga ni fundi, na anayepaka rangi vilevile. Ni masomoni, kwa Kifaransa, ndiko tulipatia maneno mawili: moja la kusifu, lingine la kupunguza bei. Tukumbuke Lubumbashi, wakati ule Elisabethville. Mwaka 1946 Pierre Romain-Desfossés alifungua pale karakana ya Hangar, na Pilipili, Mwenze Kibwanga na Bela wakajulikana mbali. Bela alipaka rangi kwa ncha za vidole. Kama kidole chake ni sanaa, mkono wa mchonga jiwe unapungukiwa nini?

Watu watasema: wale waliambiwa wasiige, lakini wachongaji wetu wanaigana. Hapo tunakubali nusu. Tangu Gécamines ilipoanguka katika miaka ya 1990, nyumba nyingi zimetafuta chakula kwenye jiwe, na mnunuzi akiagiza mayai kumi na mbili ya namna moja, nani atakataa? Yai la kumi na mbili ni kazi ya mikono, basi.

Lakini mtazame akianza. Analowesha jiwe, analigeuza, anatafuta mistari inapita wapi, ile ya kijani kibichi na ile karibu nyeusi. Anakata, anasugua kwa msasa na maji, kwani vumbi la malakiti ni baya kwa kifua (wengi wanakohoa, tusifiche jambo hilo). Katikati ya kazi ufa unajitokeza, tembo anavunjika mguu. Mzee wetu hakutupa. Aliona duara mgongoni, akatengeneza kobe, na lile duara likawa gamba lake.

Na tena, malakiti ni mawe yenye mukuba. Wazee wa zamani waliyayeyusha kwa makaa, wakapata misalaba ya mukuba iliyotumika kama feza. Huko Sanga, karibu na ziwa Kisale, wachimbuzi wa mwaka 1957 walikuta misalaba kama hiyo makaburini, pamoja na wafu. Feza ao pambo? Aliyeiweka pale labda hakujiuliza.

Siku ya maonyesho, mgeni alishika kobe, akampima kwa mkono, akauliza kilo moja ni bei gani.

« Libwe ya kilo iko kule ku kariere, » Mzee akajibu. « Hii haina kilo. »

Akamfunga kobe wake ndani ya gazeti, na hakuuza kitu siku ile. Jioni tulimsindikiza, hakutulaumu.

Kwa maonyesho yanayokuja tumepatana: meza ya malakiti itaingia ndani. Mama mumoja mfuma vikapo amekwisha kusikia habari hiyo. Juzi alitusimamisha sokoni: « Na siye, je? »