Simu Katika Chungu cha Mchele

Watu wa zamani walikuwa na sanduku. Katika nyumba nyingi za pwani palikuwa na sanduku la mbao lililopigwa njumu za shaba, na ndani yake zilitunzwa hati za shamba, barua za jamaa waliosafiri, fedha kidogo, na nguo isiyovaliwa ila siku kubwa. Nyumba ikishika moto, sanduku ndilo lililotolewa kwanza. Sisi wa siku hizi tumelibadili sanduku kwa simu. Ndani ya chombo kisichozidi kiganja cha mkono tumeweka picha zetu, barua zetu, fedha zetu na sauti za wapendwa wetu. Lakini sanduku lilikaa chini ya kitanda; simu hutembea nasi jikoni, mvuani na chomboni. Nataka kueleza jinsi sanduku langu lilivyozama baharini, na jinsi nilivyolizamisha mara ya pili kwa mikono yangu mwenyewe, baada ya bahari kunirudishia.

Bibi yangu, mzaa mama, alikuwa akikaa Likoni, ng'ambo ya kisiwa cha Mombasa. Mnamo Desemba mwaka wa 2017 nilikaa naye siku chache, na kwa usiku tatu, baada ya chakula, niliiweka simu yangu juu ya mkeka nikarekodi mazungumzo yake. Usiku wa kwanza alisimulia utoto wake. Usiku wa pili alinitajia wazee wetu kwa majina, kizazi baada ya kizazi, hata akafika babu wa saba, na kila mmoja akamweleza kazi yake na mahali alipozikwa. Usiku wa tatu aliimba nyimbo alizombembelezea mama yangu. Mnamo Februari mwaka wa 2018 bibi alifariki dunia.

Dada yangu aliyekuwa Nairobi aliniomba nimpelekee sauti zile. Nilimpelekea ile ya usiku wa kwanza. Mbili zilizobaki niliziahirisha. Nilimwambia kwamba ni nzito na zingemaliza bando langu, na jambo hilo lilikuwa kweli, lakini halikuwa kweli yote. Kweli yote ni kuwa nilikuwa na choyo. Mimi ndimi niliyeketi na bibi mkekani, na nilipenda kuwa mimi peke yangu mlinzi wa hazina yake. Kila dada yangu aliponikumbusha nilijibu, "Kesho." Kesho ni neno jepesi mdomoni, na uzito wake huonekana baadaye.

Mwezi wa Mei mwaka ule masika yalikuwa makali. Asubuhi moja nilikuwa nikivuka kwa kivuko kutoka Likoni kwenda kisiwani. Tulipokaribia kushuka, watu walisongamana, na mimi niliitoa simu mfukoni nitazame saa. Kiko cha mtu kilinigonga. Simu iliruka ikaanguka penye ncha ya chuma cha kushukia, pale ambapo maji ya bahari hupanda na kushuka. Kijana mmoja mwepesi aliinama akaiokota. Haikukaa majini hata dakika moja, na nilipoipokea kioo chake kilikuwa bado kinawaka.

Msomaji, zingatia hapa. Simu ilikuwa hai. Laiti ningaliizima wakati ule ule, huenda insha hii isingaliandikwa. Lakini hofu ilinitaka nihakikishe kama bibi yumo. Nilifungua sauti ya usiku wa pili nikaiweka sikioni, huku maji ya chumvi yakitiririka kiganjani mwangu. Nilisikia maneno mawili ya bibi. Kisha sauti ikakwaruza, kioo kikapepesa, na giza likaingia. Wala sikukoma. Nilibonyeza kitufe cha kuwashia tena na tena, kama mtu amtikisaye mgonjwa aliyezimia ili amwulize anajisikiaje.

Penye msiba hapakosi washauri. Mmoja alisema niianike juani. Mwingine alisema niipulizie upepo wa moto wa kukaushia nywele. Kijana aliyeiokota aliigeuza, akasema kuwa simu ya aina ile ina alama ya IP67, kwa hiyo haiingii maji. Mama mmoja mwenye kikapu alinitazama kwa huruma akasema, "Mwanangu, usihangaike. Itie ndani ya mchele, kesho kutwa itaamka." Wote walitikisa vichwa kumwunga mkono. Neno linalokubaliwa na wote hufanana sana na neno la kweli, nami nililichukua nikaenda nalo nyumbani.

Shangazi yangu alikuwa na mchele mzuri wa pishori, ule unaolimwa Mwea. Tuliizika simu ndani ya chungu, tukakifunika. Ilikaa humo siku mbili mchana na usiku, na mimi nilizunguka chungu kile kama kuku anayeatamia. Siku ya tatu niliitoa, nikaifuta unga, nikaitia katika chaji. Haikuwaka. Baada ya kitambo niliishika, nikaona imepata joto lisilo la kawaida, na harufu kama ya plastiki iliyoungua. Nilichomoa waya kwa pupa. Baadaye nilifahamu kuwa hatari ilikuwa kubwa kuliko nilivyodhani. Betri za simu zetu ni za lithiamu, aina iliyoanza kuuzwa na kampuni ya Sony mwaka wa 1991, na ambayo wavumbuzi wake watatu, John Goodenough, Stanley Whittingham na Akira Yoshino, walipewa tuzo ya Nobel ya kemia mwaka wa 2019. Sifa yake ni kukusanya nguvu nyingi mahali padogo, na nguvu hiyo ikitoka kwa njia isiyo yake huwa moto.

Hapo ndipo nilipokwenda kwa fundi. Alikuwa kijana mtulivu, mwenye meza ndogo, taa kali na darubini. Hakuniuliza bei ya simu wala mahali nilipoinunua.

"Mwalimu, iliingia maji gani?"

"Ya bahari."

"Lini?"

"Siku tatu zilizopita."

"Na siku hizo tatu ilikuwa wapi?"

Nilimwambia. Hakucheka. Aliifungua, akaniita nitazame darubinini. Niliona bodi ya simu, mji mdogo wa njia nyembamba za shaba, na juu ya njia zile kutu ya rangi ya kijani kibichi. Katika tundu la chaji ulikuwamo unga mweupe ulioshikana na unyevu ukawa kama uji.

Alinieleza pole pole. Maji yakiingia katika simu iliyozimwa hufanya madhara, lakini yakikuta umeme unapita hufanya madhara makubwa zaidi, kwa kuwa umeme huacha njia zake na kukatiza majini. Maji ya bahari ni mabaya zaidi, kwa sababu chumvi huyasaidia kupitisha umeme, na umeme na chumvi vikishirikiana hula metali. Mchele haukuwa na uwezo wa kuyafikia maji yaliyojificha chini ya vifuniko vya bodi, wala haukuweza kuondoa chumvi hata chembe moja. Maji hukauka, lakini chumvi hubaki. "Mchele haukuiua simu yako," alisema. "Mchele ulikupotezea siku mbili, na katika siku hizo kutu ilikuwa kazini."

Nilimwuliza habari ya alama ile ya IP67. Alisema kuwa alama ni kweli, ila watu huisoma nusu. Tarakimu ya 6 ni ya kuzuia vumbi. Tarakimu ya 7 maana yake ni kuwa chombo kinaweza kustahimili maji ya kina cha mita 1 kwa dakika 30. Lakini majaribio hayo hufanywa kwa chombo kipya na kwa maji yasiyo na chumvi. Simu yangu ilikwisha kuanguka mara mbili ikabadilishwa kioo, na gundi iliyoziba kingo zake haikuwa tena ile ya kiwandani. Ngao iliyotoboka si ngao, hata kama jina lake bado limeandikwa juu yake.

Fundi aliiosha bodi kwa spiriti kali na brashi laini, akaikausha, akabadilisha betri, akajaribu siku nzima. Jioni aliniambia kuwa imekufa. Nilimsihi aitoe ile sehemu inayohifadhi sauti aisome kwa kompyuta. Alinijibu kuwa katika simu za siku hizi kila kilichomo hufungwa kwa fumbo ili mwizi asikisome, na ufunguo wa fumbo umo katika bodi ile ile iliyokufa. Kufuli lililowekwa kumzuia mwizi lilinizuia na mimi.

Usiku ule nilimpigia dada yangu kwa simu ya kuazima, nikakiri yote: ajali, mchele na choyo. Alinyamaza kwa muda mrefu. Hakunilaumu. Kulipokucha alinirudishia sauti ya usiku wa kwanza, ile niliyompa. Niliisikiliza nikalia, na katika kulia nilijifunza jambo ambalo sikulijua kwa miaka yangu yote: nilichokitoa ndicho kilichobaki, na nilichokificha ndicho kilichopotea. Wazee walisema akiba haiozi. Walisema kweli, lakini nyongeza yangu ni hii, kwamba akiba ya ghala moja huungua pamoja na ghala.

Miaka sita baadaye, mwaka wa 2024, niliona kampuni ya Apple ikiwaonya wenye simu zake wasizitie ndani ya mchele, kwa kuwa chembe za mchele zaweza kuziharibu. Wenye kufahamu walishangaa kuwa onyo lile lilikuwa habari kwa watu wengi. Mimi sikushangaa. Uongo ulio na huruma huishi maisha marefu. Yule mama wa kivukoni hakunidanganya kwa ubaya, alinipa alichopewa.

Basi na mimi nawapa vijana nilichokilipia. Simu ikiingia maji, izime kwanza, wala usiiwashe ili kujua kama imepona. Vua kava, toa laini na kadi, ifute kwa kitambaa kikavu, kisha iweke mahali penye upepo, tundu la chaji likitazama chini. Usiianike juani wala usiipashe moto, kwa sababu joto hudhuru betri na hulegeza gundi. Usiitie katika chaji mpaka ikauke kabisa. Simu nyingi za sasa zenyewe hukataa chaji zinapohisi unyevu katika tundu, na onyo hilo lastahili kutiiwa. Ikiwa ni maji ya bahari, chai au mchuzi, usingoje siku ya pili: mpelekee fundi, umwambie ukweli wote, maana fundi aliyefichwa ugonjwa hutibu kivuli.

Utaratibu huo hufaa hata kwa kasoro ndogo. Simu isipoingia chaji, usikimbilie kununua nyingine. Jaribu waya mwingine; kisha kichwa kingine cha chaji; kisha soketi nyingine ya ukutani; jambo moja kwa wakati mmoja, ili ujue lipi lililoponya. Mwisho tazama tundu la simu kwa mwanga. Mara nyingi utakuta vumbi la mfukoni limeshindiliwa ndani, nalo huweza kutolewa kwa kijiti laini cha mti, simu ikiwa imezimwa, wala si kwa sindano. Watu wengi wametupa simu nzima kwa sababu ya uchafu usiojaa ncha ya ukucha.

Lakini kuliko hayo yote, fanya nakala kabla ya ajali. Iwe katika kompyuta, iwe katika flashi, iwe katika hifadhi ya mtandaoni, na kilicho bora, iwe pia mikononi mwa mtu umpendaye. Mimi hufanya hivyo kila mwisho wa mwezi, na kazi hiyo hainichukui muda mrefu kuliko kunywa kikombe cha chai. Simu hununuliwa, sauti ya aliyekufa haiuzwi katika duka lolote.

Tangu mwaka ule dada yangu nami tumekuwa tukiwatembelea wazee waliomfahamu bibi, mmoja mmoja, tukiwauliza majina ya wazee wetu. Kila tunachokisikia tunakirekodi, na jioni ile ile kila mmoja wetu huwa na nakala yake. Katika wale babu saba tumewapata watano. Wawili bado wamo baharini.